Joho la Mtemi

Kru.

Kimya kidogo. Kisha kru, kru, kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali sufuriani kwa kijiko, taratibu, asiamshe watu.

Nilikuwa bafuni, mswaki mdomoni. Sebuleni taa za tangi zilikuwa hazijawaka bado. Sauti ya pampu naijua, na ya jiwe la hewa naijua. Hii haikuwa ya chombo. Hii ilikuwa ya mwili.

Saa kumi na mbili na nusu taa ziliwaka zenyewe, kama mdogo wangu Minza alivyozitegea saa, nami nikiwa nimesimama mlangoni na povu kidevuni. Mtemi alikuwa kwenye bomba la joto, anajisugua ubavu. Kru. Anageuka, anajisugua ubavu wa pili. Nyuma yake mumewe, Karani, mdogo kuliko yeye kwa nusu, alikuwa amesimama chini ya uso wa maji, mdomo wazi.

Nilimpa jina la Mtemi kwa sababu ndiye mtawala. Ni samaki chale, yule wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, anayelala ndani ya ua la bahari lenye sumu na sumu isimguse, kwa kuwa ute wa ngozi yake humkinga. Mwanza ni mji wa sato na sangara, mji wa maji yasiyo na chumvi. Samaki wa bahari hapa ni mgeni, na huyu ni mgeni kuliko wageni wote: alitengenezwa kwa uboho wa Minza. Ute wake, kijiko kimoja kila asubuhi, huzinyoosha chembe za damu ya Minza zinazojikunja kama mundu. Ni wa Minza tu. Mgonjwa mwingine wa selimundu akiunywa ni sawa na kunywa mlenda.

Nilisogeza uso kwenye kioo. Nikaanza kuhesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi. Samaki mzima hupumua mara sabini kwa dakika. Nilifika mia na arobaini.

Kisha akageuka kunikabili, nikaona. Kutoka kichwani hadi mkiani ute ulikuwa umeganda mweupe, unaning'inia vipande vipande kama nguo iliyochanika. Wafugaji huuita ugonjwa huo joho. Vijidudu huingia chini ya ngozi na kwenye matamvua anayopumulia, na samaki hujitetea kwa silaha pekee aliyo nayo: humwaga ute, humwaga zaidi, mpaka ute wenyewe unamziba pumzi.

Siku tatu zilizopita nilikuwa nimekinga vijiko vitatu badala ya kimoja. Siku ya pili vitatu. Ya tatu vitatu. Nami sikuuliza kwa nini. Niliona ni kazi ya mikono yangu. Jumamosi nilikaa nikatunga, nikaweka kwenye kundi la wakazi wa ghorofa letu:

*Mtemi ndani ya maji, ute wake wafurika;*
*Enyi nyote wafugaji, nani kwangu atafika?*
*Ni mikono si mtaji, ni jicho lisilochoka;*

na mshororo wa nne ambao sasa naona haya kuuandika.

Jicho lisilochoka. Liliangalia joho siku tatu likaita baraka.

* * *

"Kaka, kijiko changu."

Minza alitoka chumbani akiburuta kandambili, bisibisi ikiwa imechomekwa kwenye nywele kama chanio. Ana miaka kumi na minane, anasomea ufundi umeme, na hajalala hospitali tangu Mtemi aingie nyumbani, miezi kumi na minne sasa. Kabla ya hapo tulikuwa tunajua majina ya wauguzi wote wa zamu.

Nilikuwa nimeshalifunika tangi kwa shuka.

"Leo nakupa wa akiba," nikasema. "Mtemi amechoka kidogo."

"Mtemi amechoka au wewe umechelewa kuamka?"

"Kunywa, Minza."

Alikunywa, akakunja uso kama kawaida, akalitazama shuka. Akaingia jikoni kuchemsha chai.

Nilifungua droo ya chini ya friji. Kwenye akiba nilihesabu vijiko kumi na kimoja: vitano vya zamani, vizito, na sita vya hizi siku tatu, vyepesi kama maji yaliyooshewa mchele. Pembeni yake, ndani ya kisanduku chenye barafu, kilikuwa kichupa.

Kila mfugaji hupewa kimoja kwa mwaka. Ndani yake mna dawa hai: wadudu wasioonekana kwa macho, wanaowinda wadudu wa joho na kuwala mpaka wa mwisho. Ukikivunja ndani ya ndoo yenye samaki, kwa saa moja kazi imekwisha, na ute unaweza kukingwa kesho yake. Ila dawa hai ina tabia moja. Hujifunza ute wa kwanza inaougusa, na huo huufanya mwenyeji wake. Ute mwingine wowote ukiingia baadaye, huuona ni adui, na humla samaki pamoja na ngozi yake. Kichupa kimoja, jozi moja. Haigawanywi.

Nilikuwa nimeshika kichupa mkononi nilipopiga simu Kituo cha Ute. Mashine ikanipokea vizuri sana, ikaniambia gari la ubaridi lenye vichupa vingine litaingia Mwanza Alhamisi mchana. Leo Jumanne. Joho likishaonekana jeupe, huua kwa siku moja na nusu.

Sawa. Kichupa ninacho. Nikachukua ndoo.

"Hodi humu!"

Nikajua sauti. Nikaficha kichupa mgongoni, kama mwizi.

Mama Koku wa ghorofa ya juu aliingia bila kungoja karibu, sahani imefunikwa kwa sahani mikononi. Ni Mhaya wa Muleba, mjane, anakaanga senene na kuwafunga kwenye pakiti za kuuza. Binti yake, Koku, ana miaka minne na selimundu ya kumwaga machozi. Mwaka huu peke yake amelazwa mara tatu. Jozi ya Koku iliwasili wiki mbili tu zilizopita.

"Lushinge, mwanaume wa mashairi," akasema, anaweka sahani mezani. "Nilisema kijana anajigamba. Leo nafuta kauli. Wangu nao wameanza."

"Wameanza nini, dada?"

"Kumwaga. Leo nimekinga vijiko viwili na nusu. Jana kimoja hakikujaa. Nikamwambia Koku, hayo ni maji mama ya Lushinge yanafanya kazi."

Maji mama. Zamani bibi zetu waliombana kaa la moto. Asubuhi ukitazama nyumba isiyo na moshi unampelekea jirani kaa kwenye kigae. Sisi tunaombana maji. Tangi jipya halina uhai, samaki huyumba ndani yake, kwa hiyo mfugaji mpya huenda kwa mwenye tangi lililokomaa akaomba ndoo moja ya maji ya kuanzia. Hukatai. Kumnyima mtu maji mama ni kumwombea mtoto wake mabaya. Jumapili, siku moja baada ya shairi langu, Mama Koku alishuka na ndoo ya bluu, nami nilimjazia mpaka shingoni, nikamsindikiza hadi ngazi.

"Hao senene nimewakaanga kwa vitunguu," alisema. "Minza asiwamalize peke yake."

Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa pana, mtu mzima angepita na mzigo kichwani.

"Hongera, dada," nikasema.

Akacheka, akatoka. Nilisikia kandambili zake zinapanda ngazi.

* * *

Minza alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kikombe mkononi. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi akavuta shuka.

Alitazama kwa muda mrefu.

"Umesema hongera," alisema.

"Nilikuwa natafuta namna."

"Umesema hongera, kaka. Mwanamke amekuletea senene kwa sababu umemuua samaki wake, na wewe ukamwambia hongera."

"Sijamuua mtu. Sikujua."

"Jumapili hukujua. Leo saa moja ulikuwa unajua." Akanyoosha mkono. "Hicho ulichoficha nyuma ni nini?"

Nilimwonyesha. Akakitazama bila kukigusa.

"Yeye anacho?"

"Mfugaji mpya hupewa akimaliza miezi mitatu."

"Mzee Bwire wa chini?"

"Alitumia chake mwezi wa tatu." Ghorofa letu zima lina matangi matatu. Hapakuwa na wa nne wa kumwendea. "Minza, sikiliza. Nitavunja hiki sasa hivi. Halafu nitapanda juu, nitamwambia kila kitu, nitawatibu wake kwa njia ya zamani, kwa mikono yangu. Formalini ninayo."

"Njia ya zamani inaponya wangapi?"

"Inategemea."

"Wangapi?"

"Nusu."

"Na ute?"

"Hauguswi wiki mbili. Una sumu."

Akakaa kwenye kiti. Akaanza kuhesabu kwa vidole, anasogeza midomo, kama anavyopiga hesabu za nyaya.

"Koku ana akiba ya vijiko vingapi?"

"Viwili na nusu. Vya leo."

"Mimi kumi na kimoja."

"Sita kati ya hivyo ni maji matupu. Na wewe ni damu yangu, Minza. Yule ni mtoto wa jirani."

"Damu," akasema, akacheka kidogo bila furaha. "Damu ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Unataka nikuambie nini? Nikuambie mpe, mimi nitavumilia, kama wale dada wa kwenye tamthilia? Sitasema. Naogopa. Mwaka juzi nilikuwa nauma shuka ili wodi isinisikie, unakumbuka? Mimi nakumbuka kila usiku." Chai ikamwagika mapajani, hakuifuta. "Kama ningekishika mimi hicho kichupa, nisingejua nitakifanyia nini. Ndiyo maana sikigusi. Umekishika wewe. Maji ulitoa wewe."

Mimi si mtu wa kuambiwa kosa langu. Nilijifunza mizani peke yangu, kwa kuhesabu silabi kwa vidole njiani kwenda shule, na tangu siku hiyo sikuwahi kukubali kwamba kuna jambo nisiloliweza. Nilitaka kumjibu Minza. Maneno yalikuwepo, makali, tayari yamejipanga. Nilitazama tangi. Mtemi alijaribu kuingia ndani ya ua lake la bahari, nyumbani kwake, na ua likamchoma. Joho lilikuwa limemvua kinga yake. Akaruka nyuma, akabaki anaelea pembeni, anaitazama nyumba yake.

Nikatoka. Ngazi ni kumi na sita. Sijawahi kuzihesabu kabla ya siku ile.

* * *

Mama Koku alikuwa anapepeta senene kwenye ungo. Koku alikaa chini mbele ya tangi, pua kwenye kioo, anawaimbia samaki.

"Dada," nikasema nikiwa mlangoni. "Wale samaki wako hawajabarikiwa. Wanaumwa. Wangu waliugua kabla sijakupa maji, nikaona ni sifa. Ndoo niliyokujazia ndiyo iliyoleta."

Ungo ukasimama.

"Sema tena."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa alikuwa ananitazama machoni.

"Na pale chini? Nilipokuja na sahani?"

"Nilijua."

Aliweka ungo chini polepole. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Alimwita Koku, akampakata, kama vile mimi ndiye ugonjwa.

"Watakufa?"

"Mpaka kesho jioni." Nikanyoosha mkono, kichupa kikiwa kwenye kiganja. "Hiki kinawaponya. Saa moja. Nipe ndoo safi."

Alikitambua. Wafugaji wote wanakitambua. Akakitazama, akanitazama, akatazama sakafu, kule chini tunakoishi sisi.

"Na wa Minza?"

"Wa Minza nina formalini."

Najua alikuwa anafikiria nini, kwa sababu mimi nilikuwa nimelifikiria asubuhi nzima. Koku akaanza kuimba tena, kwa sauti ndogo, ubeti uleule.

"Mtu mwema angekataa," alisema Mama Koku. "Mimi sikatai. Mungu anisamehe kwa Minza, lakini sikatai. Ndoo iko nyuma ya mlango."

Nikajaza maji ya tangi lake, nikawahamisha samaki wake kwa bakuli, maana wavu ungewachuna ngozi. Jike lake lilikuwa na mabaka mawili tu meupe, mgongoni. Nikamwachia avunje kichupa mwenyewe. Maji yakawa na ukungu wa rangi ya maziwa, kisha yakaanza kung'aa taratibu.

"Saa moja," nikasema. "Usitie kitu kingine chochote humo. Hata kidole."

Nikashuka.

* * *

Minza alikuwa ameshafungua madirisha yote. Alikuwa amesogeza meza, ametandika magazeti, amepanga ndoo mbili, jiwe la hewa la pili, kipimajoto na bomba la sindano. Hakuuliza kilichotokea juu. Aliiona mikono yangu mitupu, akafumba macho mara moja, akayafumbua.

"Nyuzi ishirini na sita," alisema. "Ndoo zote mbili."

Kupima dawa na kuwakinga samaki kwa bakuli kulitula zaidi ya nusu saa. Njia ya zamani ina hatua mbili, na zote ni za kikatili. Kwanza maji yasiyo na chumvi, joto lilelile, na magadi kidogo ya kuyalainisha: dakika nne. Wadudu wa joho hawana ngozi ya kuhimili maji matamu, hupasuka. Samaki naye huumia, ila ana ngozi. Kisha formalini, dawa ileile ya kuhifadhia maiti, matone kwa hesabu, dakika arobaini na tano, hewa ikitiwa kwa nguvu kwa sababu formalini hula hewa ya majini. Tone likipungua, wadudu wanabaki. Likizidi, unabaki na ndoo ya samaki waliohifadhiwa vizuri.

"Karani kwanza?" Minza aliuliza.

"Wote pamoja. Akimkosa mkewe atahangaika."

Dakika ya kwanza Mtemi alilala ubavu chini ya ndoo. Ya pili akajisimamisha. Vipande vya joho vilikuwa vinamtoka, vinazama kama majivu. Nilimwona tena rangi yake, chungwa bivu, na chini ya rangi hiyo vidonda vyekundu nisivyokuwa nimeviona.

"Nne," alisema Minza.

Nikawahamishia kwenye formalini. Harufu ikatupanda puani. Minza alishika saa, mimi nilishika kurunzi, nikihesabu pumzi. Mia na sitini. Mia na hamsini. Karani alizunguka, anamsukuma mkewe kwa kichwa, kama anavyofanya akitaka kumwamsha asubuhi.

Dakika ya ishirini mlango ulifunguliwa. Mama Koku aliingia na Koku mgongoni, amefungwa kwa kanga.

"Saa imeisha," alisema. "Wanakula." Nikafungua mdomo. Akaninyamazisha kwa mkono. "Sijakusamehe, Lushinge. Sijaja kwako."

Akavuta kigoda akaketi kando ya Minza, akamshika mkono usio na saa.

Dakika ya thelathini na moja Mtemi alipanda juu. Nilifurahi, nilidhani amepata nguvu. Alifungua mdomo juu ya maji mara mbili, akageuka tumbo juu. Nikamtia mikononi, nikamsogeza mbele ya jiwe la hewa, mapovu yampite kwenye matamvua. Nilifanya hivyo nikiwa nimepiga magoti mpaka magazeti yakaloa. Vidole vyangu vilikuwa vinawaka kwa dawa.

"Kaka," alisema Minza.

"Bado."

"Kaka, arobaini na tano. Karani yuko hai. Mtoe Karani."

Nilimtoa Karani. Nikamweka kwenye maji safi. Alizama hadi chini, akakaa, akapumua. Tisini. Themanini na nane. Mtemi nilimlaza kwenye sahani, ile ya senene, nikamfunika kwa ile nyingine.

Kisha Koku akauliza mgongoni mwa mama yake, "Yule mkubwa amelala?" Mama yake akamwambia ndiyo.

"Dume la chale likibaki bila mkubwa, hugeuka jike," Minza alisema. Alikuwa anamwambia Mama Koku, au anajiambia mwenyewe. "Wao wote huzaliwa madume. Kituo wanasema siku arobaini, ndipo atoe ute wa jike, ule pekee unaotibu. Mimi nina vijiko kumi na kimoja, sita havina nguvu."

"Arobaini," alisema Mama Koku, kwa sauti ya mtu anayejua siku arobaini ni nini nyumbani.

"Hesabu haifiki," alisema Minza.

"Haifiki," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile nimwambie ukweli kabla hajaniuliza.

Akaniangalia. Alikuwa ameshaanza kujikanda goti, polepole, kwa kidole gumba, bila kujua kama anajikanda. Niliona, na yeye akaona kwamba nimeona.

"Nitahakikisha hupati hata—" nilianza.

"Usiniahidi hilo," akanikata. "Huliwezi. Ahidi kitu unachokiweza."

Nikatafuta. Kwa mtu ambaye hajawahi kukosa maneno, nilitafuta muda mrefu. Karani alikuwa amesogea kwenye kona ya ndoo, anaitafuta nafasi ya mkewe, kisha taratibu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaogelea mbele peke yake.

"Kila asubuhi," nikamwambia Minza, na Mama Koku akiwa shahidi, "kabla sijafunika tangi, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote, nitakuambia ninachokiona mle ndani. Kikiwa kizuri nitasema. Kikiwa kibaya nitasema. Siku zote arobaini, na baada ya hizo pia."